Mboga ya kutazama na mboga ya kula



Kwa wiki mbili sasa vikundi vitatu vya hapa Katuba vimetuuliza swali moja: je, inafaa kuingia katika maonyesho ya mazao ya bustani na kazi za mikono ya mwezi wa Oktoba, ama ni kupoteza maji na wakati? Sisi tuliingia mwaka uliopita. Kuliko kujibu kwa neno moja, tunawaeleza namna tulivyojitayarisha, jambo lililotugawanya hadi kikundi kikakaribia kuvunjika, na faida tuliyobaki nayo. Kisha kila kikundi kitapima chenyewe.

Kwanza, tusiogope neno lenyewe. Maonyesho ni meza. Unaleta ulichopanda ama ulichoshona, unakiweka pamoja na cha wenzako, waamuzi wanapita, wanatazama, wanaandika. Wenzetu wanafanya hivyo tangu zamani. Uingereza, vijiji vingi vina siku yao kwa mwaka ya kuleta vitunguu, maua, jamu na vitambaa, na chama chao kikubwa cha bustani, Royal Horticultural Society, kilianzishwa London mwaka 1804. Kenya, chama cha wakulima kinachosimamia maonyesho ya nchi kilianza mwaka 1901. Tanzania wanayo Nane Nane, tarehe 8 Agosti, na siku hiyo hakuna kazi. Jirani zetu wa Zambia husherehekea wakulima Jumatatu ya kwanza ya Agosti, na maonyesho makubwa hufanyika Lusaka. Hata mji wetu, wakati ukiitwa bado Élisabethville, ulikuwa na maonyesho ya kimataifa mwaka 1931.

Ya kwetu ni madogo. Mwaka uliopita vilikuja vikundi vinane, meza kumi na mbili, chini ya turubai katika uwanja wa shule. Siku ilichaguliwa karibu na tarehe 15 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Wanawake wa Vijijini, inayosherehekewa tangu mwaka 2008, na tarehe 16, Siku ya Chakula Duniani. Mtasema sisi si wa kijijini. Ni kweli, Katuba ni komine ya mji. Lakini mwenye lupango yenye matuta sita ya lengalenga na kuku wanane nyuma ya jiko anajua vizuri kwamba jembe halimuulizi mtu kama ni wa mjini ama wa kijijini. Zawadi zilikuwa burweti moja kwa kikundi cha kwanza, arozwari mbili kwa cha pili, na jembe kwa cha tatu. Pesa hapana.

Ugumu wa kwanza ni mwezi wenyewe. Oktoba kwetu ni mwezi wa joto kali, na mvua haijafika. Kwa kawaida inaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Visima vimeshuka, bidoni zinapanga mstari tangu saa kumi na moja za asubuhi, na mboga sokoni inapanda bei. Kwa hiyo kila kitu utakachoweka mezani Oktoba ni kitu ulichokinywesha kwa mkono wako. Ndiyo sababu tulihesabu siku kwa kurudi nyuma. Shu tulizipanda kwenye kitalu katikati ya Juni, tukazihamisha baada ya mwezi mmoja, maana zinahitaji karibu miezi mitatu nyingine kufunga kichwa. Tomati nazo tulizianza Juni. Gombo tulingoja Agosti, kwa kuwa baridi ya Juni na Julai haiipendi. Matembele tulikata na kuchomeka mwisho wa Agosti. Lengalenga ni ya mwisho: wiki nne tu zinatosha, kwa hiyo tuliimwaga katikati ya Septemba.

Juu ya maji tuliweka sheria moja kabla ya kuweka mbegu: hakuna mtoto atakayebeba bidoni kwa ajili ya maonyesho kabla ya kwenda masomo. Sisi tunaofundisha tunawajua watoto wanaofika darasani mabega yamelowa, wakasinzia saa ya hesabu. Karibu siku zote ni wasichana. Wamama waligawana zamu, wawili wawili, asubuhi na jioni. Mama asiyeweza zamu alitoa majani makavu na mavi ya kuku kwa ajili ya mboji. Kwa sheria hiyo tulipunguza matuta kutoka kumi na nne hadi tisa, kwa sababu mikono ya wakubwa haikutosha kwa kumi na nne. Tunashauri kila kikundi kihesabu mikono kwanza, halafu matuta.

Ugumu wa pili ni kuchagua. Wengi tulifikiri waamuzi wanatafuta kitu kikubwa. Sivyo. Wanatafuta vitu vinavyofanana. Ukiambiwa ulete tomati tano, leta tano za ukubwa mmoja, za rangi moja, na kila moja na kikonyo chake cha kijani. Tatu kubwa na mbili ndogo zitashindwa na tano za katikati zilizo kama mapacha. Kitunguu usikimenye hadi king'ae. Ondoa ganda lililochanika tu. Shu usiipanguse ule unga wake mweupe, maana unaonyesha kwamba haikushikwashikwa. Lengalenga ing'olewe na mizizi yake alfajiri, ioshwe, isimamishwe ndani ya maji kivulini. Kwa kazi za mikono ni vile vile: mwamuzi anageuza kitambaa cha kroshe na kutazama nyuma, kwenye mafundo. Kikapu anakibonyeza pembeni. Mfuko wa kitenge anauvuta mishono. Sura ya mbele kila mtu anaijua kuitengeneza. Kazi inaonekana upande wa nyuma.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Wiki mbili kabla ya siku, tulizunguka bustani za wenzetu wote kuchagua. Mboga ya majani iliyopita zote ilikuwa ya mama mmoja mjane. Yeye hana nafasi katika lupango anayopanga. Analima bondeni, kando ya kijito. Lengalenga yake ilikuwa pana kama mkono wa mtu mzima, shu zake zimefunga kama mawe. Kila mtu alifurahi. Halafu mama mkubwa mmoja, aliyekuwa katika mafunzo ya bustani za mjini wakati wa mradi wa FAO, akauliza kwa sauti ndogo: hayo maji yanatoka wapi?

Sote tulijua yanatoka wapi. Juu ya kijito kile watu huosha mawe ya madini.

Kwa mgeni hilo lingekuwa neno dogo, lakini sisi ni watu wa Lubumbashi. Shaba ilianza kuyeyushwa katika mji huu mwaka 1911, na moshi na vumbi vya zaidi ya miaka mia havikwenda mbali vyote. Vingine vilikaa katika udongo. Watafiti wa Université de Lubumbashi wamepima mboga za majani zinazouzwa katika masoko ya mji, na katika baadhi wakakuta shaba, kobalti, risasi na kadmi kupita kiasi kinachokubaliwa. Mwaka 2009 ulitoka utafiti mwingine ulioonyesha kobalti nyingi katika mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Risasi inaumiza ubongo wa mtoto anayekua. Kadmi inakaa katika figo miaka mingi. Na vitu hivi havina harufu, havina ladha, havibadilishi rangi ya jani. Lengalenga yenye risasi inaweza kuwa ndiyo nzuri kuliko zote mezani.

Mkutano wa Jumamosi ile ulikuwa mrefu. Dada mmoja kijana alisema karatasi ya kuingia inauliza jina la kikundi na aina ya zao peke yake, hakuna atakayeuliza maji. Tena waamuzi hawali, wanatazama. Wengine waliitikia, kwa sababu burweti tuliihitaji kweli, na bila zile shu tusingeipata. Mama mkubwa akajibu kwamba asubuhi mboga inatazamwa, lakini saa kumi alasiri inauzwa kwa wageni, na jioni inaingia katika sufuria ya mtu.

Yule mjane alikaa kimya muda mrefu. Alipoinua kichwa alisema hivi: «Bayaya, hii bustani njo bwana yangu sasa. Njo inalipa masomo ya batoto. Mukisema mboga yake ni mubaya, munanifanya mujane mara ya pili.»

Hakuna aliyejibu upesi. Tena aliongeza neno lililotubana zaidi. Alisema kila siku anauza mboga ile ile sokoni, na sisi wenyewe tumekwisha kuinunua. Tukiikataa mezani tu, na kumwacha aendelee kuiuza, maana yake ni kwamba tunawaonea haya waamuzi, lakini watoto wa sokoni hatuwaonei huruma. Hapo alisema kweli, na kweli hiyo ilikata mkutano katikati. Wa upande mmoja walitaka mboga iingie, kwa sababu kuikataa ni unafiki. Wa upande mwingine walitaka ikataliwe, na mengine yaonekane baadaye. Wawili walisimama kutaka kurudishiwa pesa zao za likelemba.

Tuliachana bila neno la mwisho, tukarudi Jumatatu jioni. Usiku mbili zilisaidia. Siku hiyo hakuna aliyesema juu ya maonyesho kwanza. Tulianza na swali lingine: huyu mwenzetu atakula nini kama akiacha kulima majani bondeni? Tuliona kwamba mpaka tujibu hilo, neno lingine lolote juu ya afya ni rahisi midomoni mwetu na ghali kwake yeye.

Jibu lilipatikana vipande vipande. Wamama watatu wenye nafasi katika lupango zao, mbali na kijito na mbali na barabara ya vumbi la malori, walimpa kila mmoja matuta mawili na haki ya kuteka kisimani. Hayo ni matuta sita ya majani. Zamu yake ya likelemba, iliyokuwa ya mwezi wa Februari, ililetwa mbele hadi Oktoba, ili awe na kitu mkononi wakati mboga mpya inaota. Bustani ya bondeni hakuiacha, maana ardhi ukiiacha siku tatu ina mwenyewe mwingine. Lakini aliacha kupanda majani humo. Mvua ilipoanza alipanda mahindi, kwa sababu kwa kawaida punje na matunda hubeba madini kidogo kuliko majani. Tena aliongeza chokaa na mboji katika udongo. Hilo nalo hatukulibuni: watafiti wa chuo chetu walijaribu chokaa na mbolea za asili katika udongo wa bustani za Lubumbashi, ili kuona kama mboga itanyonya madini kidogo. Chokaa inapunguza ukali wa udongo, na madini yanashikwa humo kuliko kupanda katika mzizi. Haiondoi yote. Inapunguza.

Kuhusu meza, tuliamua pamoja naye: mboga ya bondeni haitaingia, na kila kitu tutakachoweka kitakuwa na kipande cha karatasi kinachosema kilipandwa wapi na kilinyweshwa maji gani. «Shu. Lupango ya Katuba. Maji ya kisima. Mboji ya kuku.» Hivyo hivyo kwa kila sahani. Yeye mwenyewe tulimuomba alete kile ambacho hakuna kati yetu anacho: mbegu zake. Tangu mumewe yuko hai amekuwa akiweka mbegu katika chupa ndogo zenye majivu: lengalenga nyekundu na nyeupe, gombo, maboga, ngai-ngai, pilipili, maharagwe ya rangi nne. Chupa kumi na moja.

Siku ilifika na jua lake. Lengalenga yetu ilinyauka kabla ya saa sita, na waamuzi walipofika kwake walipita bila kuandika. Mwaka huu tutaleta beseni yenye maji na kitambaa kilicholowa cha kuifunika. Tomati zilipata neno zuri. Kitambaa cha kroshe cha mama mmoja, alichokifanya miezi minne usiku baada ya kulaza watoto, kiligeuzwa mara mbili na kikashika nafasi ya kwanza katika kazi za mikono. Kwa jumla kikundi kilitoka cha pili. Burweti ilikwenda kwa wengine, sisi tukapata arozwari mbili. Kwa mbegu hapakuwa na nafasi katika orodha, kwa hiyo zile chupa hazikupewa karatasi yoyote. Lakini mbele yake ndipo wamama walisimama muda mrefu kuliko penginepo. Walitaka kujua majivu ni ya nini, na alieleza: yanafukuza wadudu na kukausha unyevu. Alieleza namna ya kuchagua mmea wa mbegu, kwamba usichukue ule uliokimbilia kutoa maua, maana watoto wake nao watakimbia. Jioni alikuwa ameahidi mbegu kwa watu wa vikundi vitano, wakabadilishana na vitu walivyokuwa navyo: sabuni, mayai, kikapu.

Vile vipande vya karatasi navyo vilileta maneno. Mama mmoja wa kikundi kingine alituuliza kwa hasira kidogo, kama tunataka kuonyesha kwamba mboga za wengine ni chafu. Tulimjibu kwamba hatujui ya wengine, tunaandika ya kwetu. Wageni walipokuja kununua saa kumi, walisoma kwanza. Mwezi wa Desemba vikundi vyote vinane vilikaa pamoja kutazama namna siku ilivyokwenda, na hapo ndipo ilikubaliwa kwamba karatasi ya kuingia ya mwaka huu itakuwa na mistari miwili mipya: zao lilipandwa wapi, na lilinyweshwa maji gani. Mtaiona mtakapoichukua.

Basi, je, inafaa kuingia? Sisi tunasema ndiyo, kwa sababu mbili. Moja ni ile kila mtu anayoijua: unajifunza kwa macho. Katika saa tano chini ya turubai tuliona namna saba za kufunga kitunguu na namna tatu za kukuza tomati bila dawa. Ya pili ni kwamba meza inakulazimisha kusema kwa sauti kile ambacho nyumbani mnakijua na kunyamaza. Sisi tulikuwa tukijua juu ya kijito kile kwa miaka. Bila kuchagua mboga za maonyesho, tungeendelea kujua na kununua.

Kwa vikundi vitakavyoingia, tunaacha maneno machache ya kazi. Mboga zote, hata za lupango, zioshwe kwa maji safi mara mbili ama tatu. Hilo linaondoa vumbi la juu, ijapokuwa haliondoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani. Msipande majani karibu na barabara ya malori, wala mahali palipotupwa betri na mafuta ya magari. Mkiwa na mwenzenu anayelima mahali pabaya, msianze na kumkataza. Anzeni na kutafuta matuta. Na watoto waacheni wafike masomo wakiwa wamelala.

Kitalu cha shu kinaanza katikati ya Juni. Anayehitaji mbegu za lengalenga ama gombo aje siku ya mkutano wetu, Jumamosi saa tisa, na chupa yake kavu yenye kifuniko. Mwenyewe atakuwepo na chupa zake kumi na moja, na atawapimia kwa kijiko. Anaomba jambo moja tu: mwisho wa msimu, anayepata mbegu arudishe vijiko viwili.